Syncthing kati ya Unguja na Pemba: tathmini ya mtumiaji

Studio yetu hurikodi harusi na maulidi. Chumba cha kazi kiko Mji Mkongwe na mhariri wetu yuko Chake Chake, kwa hivyo shida ya kudumu ni kumfikishia video nzito bila ya kumaliza bando. Syncthing, programu huria ya bure inayoweka mafaili yaleyale katika kompyuta mbili au zaidi, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2013, imetufaa kuliko huduma zote za kulipia za kuhifadhi mafaili mtandaoni tulizozitumia.

Ubora wake umo katika namna ilivyojengwa. Hakuna seva ya kampuni inayoshika mafaili yetu: kila kompyuta ina kitambulisho kirefu kinachotokana na cheti chake cha usalama, kila upande ni lazima umkubali mwenziwe, na data husafiri ikiwa imefungwa kwa TLS, njia ya kuificha data isisomwe na wengine njiani. Kompyuta zilizo kwenye ruta moja hutafutana zenyewe na kupeana mafaili moja kwa moja, hata siku ambayo intaneti imekatika kisiwa kizima. Kila faili hukatwa vipande, vidogo kabisa vikiwa vya KiB (kilobaiti) 128, na kila kipande huhakikiwa kwa SHA-256, hesabu inayoonesha kama kipande kimefika kizima, hivyo umeme ukizimika katikati ya kazi, vipande vilivyokwishafika havihitaji kutumwa tena.

Itifaki yake, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata zinapopeana mafaili, iitwayo Block Exchange Protocol, imechapishwa wazi ili yeyote aweze kuijengea programu nyengine, na msimbo wake nao uko huria. Faida yake ilionekana Desemba 2024, pale programu rasmi ya Android iliposimamishwa: wenye simu hawakukwama, kwani Syncthing-Fork, inayotunzwa na watu wengine, ilikuwepo tayari. Kwa biashara inayotegemea kumbukumbu za watu, uhuru huo nauthamini kuliko wepesi wa kutumia.

Wepesi wenyewe ni wa wastani. Kompyuta zote mbili ni lazima ziwe zimewashwa wakati mmoja, jambo lililotulazimu kuacha mashine moja ya zamani ikifanya kazi usiku kucha Chake Chake. Mtandao wa simu ukizuia njia ya moja kwa moja, data hupitia kituo cha kupokezana, yaani seva ya kati inayoipitisha tu, ambacho hakiwezi kuisoma lakini huichelewesha sana.

Lililo zito zaidi ni kwamba faili likifutwa Unguja hufutika na Pemba pia, kwa hivyo hii si akiba ya dharura. Anayeianza aiwashe mwanzoni kabisa sehemu ya kutunza matoleo ya zamani ya mafaili, kwa sababu programu huja sehemu hiyo ikiwa imezimwa.