Chokaa ya Songwe, mifuko 24, kwenye nyumba ya baba Iyunga

Baba aliijenga nyumba hii mwaka 1974, reli ya TAZARA ikiwa bado inajengwa, na ilimmalizia likizo zake tatu. Matofali ni ya kuchoma, yamepangwa kwa udongo, na msingi ni mawe. Chini ya ukuta hakuna nailoni wala chochote cha kuzuia maji ya ardhini yasipande. Nilipohamia na mama mwaka 2021, alama ya unyevu sebuleni ilinifika kiunoni, na kila ikifika Januari mama alikuwa anakohoa usiku kucha. Ndiyo maana naandika leo kuhusu mfuko wa kilo 25 wa chokaa, kitu ambacho wengi wetu hapa Mbeya tunakijua kwa kupaka mashina ya miti na mawe ya pembeni mwa barabara tu.

Nilianza na saruji, na ilinigharimu. Fundi kijana alinishauri tubandue lipu ya zamani, tupige saruji nzito kuanzia chini hadi mita moja na nusu, basi, kazi imekwisha. Ilipokauka ilipendeza kweli. Mvua za Novemba zikaja, na kufikia Februari ukigonga ukuta unalia kama debe tupu. Unyevu haukwenda popote. Ulipanda nyuma ya ile saruji ukatokea juu yake, mahali ambapo tangu nikiwa mtoto palikuwa pakavu, na ukaacha unga mweupe wa chumvi niliokuwa naufagia kila asubuhi. Simlaumu yule kijana. Amejifunzia kwenye nyumba za bloku, na kwenye bloku saruji ni mahali pake.

Aliyenielewesha ni mzee mmoja wa Iwambi, fundi wa siku nyingi, ambaye mama alikumbuka kwamba alimsaidia baba kwenye kenchi. Alishika ukuta kwa kiganja, akauangalia muda mrefu, akaniambia, "Mwalimu, huu ukuta umeuziba pua. Sasa unataka uhemee wapi?" Tofali la zamani na udongo hunywa maji na kuyatoa tena polepole. Saruji ni ngumu na imefunga, kwa hiyo maji yanayopanda kutoka ardhini yanatafuta njia juu yake, na inapoanza kuachia inaondoka na uso wa tofali. Chokaa ina vitundu, inayaruhusu maji kutoka kama mvuke, na ni laini kiasi kwamba ukuta ukicheza kidogo nayo inafuata. Majumba ya mawe ya pwani, Zanzibar na Kilwa, yamejengwa kwa chokaa, na mengine yamesimama karne kadhaa kando ya bahari.

Lakini mzee alikataa kushika mwiko kabla hatujashughulikia maji, na hapa ndipo naomba anayesoma atulie. Miaka hamsini ya kufagia uwanja na kumwaga majivu ilikuwa imepandisha udongo nje hadi ukawa juu ya sakafu ya ndani. Mwanangu na mimi tulichimba kuzunguka nyumba yote, kina cha sentimita thelathini hivi, tukatengeneza mteremko wa kupeleka maji shambani, tukafunga gata upande wa nyuma ambako paa lilikuwa linamwaga maji moja kwa moja kwenye msingi. Bati mbili zilizotoboka tukabadilisha. Kazi ya majembe ilituchukua Jumamosi nne na haikutugharimu kitu zaidi ya malengelenge. Ukipiga chokaa bora kuliko zote huku paa linamwagia maji msingini, umetupa pesa.

Kisha tukabandua saruji kwa nyundo na tindo, tukauacha ukuta wazi Juni, Julai na nusu ya Agosti. Baridi ya Mbeya miezi hiyo ni kali, lakini upepo ni mkavu, na ukuta ulibadilika rangi mbele ya macho yetu, kutoka kahawia iliyokolea hadi wekundu wa tofali.

Sasa chokaa yenyewe. Ya kwanza nilinunua duka moja la vifaa Mwanjelwa, mifuko 6 kwa shilingi 8,000 kila mmoja. Miwili ilikuwa na mabonge magumu ndani. Chokaa hukomaa kwa kunyonya hewa ya ukaa, na mfuko uliokaa muda mrefu ghalani kwenye unyevu huanza kugeuka jiwe kabla haujaufungua. Niliirudisha, nikaambiwa nipondeponde nichekeche. Bonge lililokwisha kugeuka jiwe ukilisaga unapata unga wa mawe, si chokaa. Niliitumia kwenye shimo la choo.

Mifuko 18 iliyobaki niliifuata ghala moja Mbalizi, shilingi 6,000, na huko ndiko ningemtuma mtu yeyote. Songwe iko mbele tu ya hapo, kwenye mawe ya chokaa yale yale yanayolisha kiwanda cha saruji, na mawe hayo huchomwa kwenye matanuri kwa joto la karibu nyuzi 900, kisha yanazimwa kwa maji yawe unga. Muuzaji alinifungulia mfuko bila kuombwa. Unga ulikuwa mweupe kabisa, laini kama wa sembe, na mwepesi, ukiushika haugandi. Akaniambia mzigo umeingia wiki ile. Ukienda kununua, usione haya: bonyeza mfuko pande zote kwa vidole, na ukihisi kigumu, weka pembeni.

Mzee alitukataza kuutumia unga mkavu siku hiyo hiyo. Tuliuloweka kwenye pipa la plastiki, maji kwanza halafu unga, tukaacha maji yafunike juu kwa wiki mbili. Ukawa kama mtindi mzito. Tuliuchanganya ndoo moja kwa ndoo tatu za mchanga wa mto uliooshwa, mchanga wenye punje za kukwaruza. Mchanga wenye udongo unapasua lipu. Na kuchanganya chokaa ni kupiga, kukanyaga na kugeuza kwa chepe hadi mgongo uume. Mwanzoni inaonekana kavu, inakushawishi uongeze maji. Usiongeze. Endelea kuipiga, italainika yenyewe.

Ukuta tuliumwagia maji jioni na asubuhi tena, kwa sababu ukuta mkavu hunyonya maji ya lipu na kuiua. Mkono wa kwanza ulikuwa kama sentimita moja, tukauchora kwa msumari, tukasubiri siku kumi. Kisha mkono wa pili, mwembamba zaidi. Siku nne za mwanzo tulitundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta na kufunga madirisha. Kwa mtu aliyezoea saruji hii subira ni mtihani. Mwanangu, kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa anabonyeza ukuta kila akirudi shule na kuniambia, "Mama, bado laini." Wiki ya tatu hakusema tena.

Chokaa inakula ngozi. Siku ya pili mwanangu alivua glavu akachubuka vifundo vya vidole hadi damu. Vaa glavu ndefu na miwani ya kufunika macho, na weka ndoo ya maji safi karibu. Ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi dakika nyingi na uende hospitali bila kusubiri.

Gharama za vyumba viwili, pamoja na sebule na ukumbi: chokaa shilingi 156,000, mchanga kenta moja 120,000, mzee siku nane 240,000, na pipa, glavu, miwani na magunia 74,000. Jumla 590,000. Mshahara wangu wa mwalimu uliibeba ndani ya miezi mitatu, bila mkopo.

Rangi nayo ni chokaa hiyo hiyo, iliyozimuliwa hadi ikawa nyepesi kama maziwa, mikono mitano. Ukipaka inaonekana kama maji machafu na unaanza kujuta. Ikikauka inazidi kuwa nyeupe kila saa inayopita. Wengine huongeza chumvi ili ishike. Kwangu mzee alikataa, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na tulikuwa tumeshaifagia ya kutosha. Tafadhali usipake rangi ya mafuta juu yake, utakuwa umeuziba ukuta upya kwa mlango wa nyuma. Ubaya mmoja ni kwamba mwaka wa kwanza ukiegemea ukuta unatoka na weupe begani. Na pale kichwa cha kitanda kinapogusa, imekwanguka.

Haifai kila mahali. Sikuitumia bafuni, kwenye ukuta unaopigwa na maji ya kuoga. Huko nilibakiza vigae. Lenta na jamvi ni kazi ya saruji na nondo, hakuna ubishi. Na kama una haraka ya kuhamia wiki ijayo, hii si kazi yako. Inabidi uanze mara tu baridi kali ikipungua na umalize kabla ya Novemba.

Mimi ningenunua tena kesho. Imepita misimu miwili ya mvua. Sebuleni, ule mstari uliokuwa unanifika kiunoni sasa ni kivuli cha upana wa kiganja juu tu ya sakafu. Kinatokea Februari, na Mei hakipo. Kuna ufa mmoja mwembamba juu ya dirisha la ukumbi, nimeuziba kwa kidole na chokaa iliyobaki pipani, maana ikifunikwa na maji haiharibiki. Mama bado anakohoa asubuhi, ila usiku analala. Chumba cha tatu bado kina saruji ya 2021. Mzee amesema Juni anakuja na tindo lake, na Mbalizi nimeshaagiza mifuko minane.