Shokapu za Impreza WRX: ipi ununue kabla hujapiga jeki

Shokapu ya Subaru Impreza WRX ikifa haikwambii siku hiyo hiyo. Tairi huanza kulika kwa mawimbi, usukani unatetemeka ukipita rasta, na kwenye kona unahisi mkia unachelewa kufuata. Inama uangalie. Jasho jembamba karibu na sili lisikutishe, lakini ukikuta oili imeteremka na vumbi limeganda juu yake, andaa hela.

Naongelea zile zenye kodi ya chesisi GC8, za 1992 hadi 2000, na GDA na GDB zilizofuata hadi 2007. Zote hizi zina shokapu inayobeba springi kwenye pembe zote nne, na mtu mwenye vifaa na subira anaweza kuzibadilisha nyumbani kwa siku moja. Toleo lililofuata lilibadilishwa kabisa nyuma, kwa hiyo usinunue kwa jina la gari. Mpe muuzaji namba ya chesisi, umwambie kama ni sedani au wagoni, na ukumbuke kuwa za mbele kulia na kushoto haziingiliani.

Namba moja kwangu ni KYB Excel-G mpya, na sina wasiwasi nayo. KYB ni Wajapani, na ndio waliotengeneza shokapu nyingi zilizotoka kiwandani na Subaru. Ina mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, oili na gesi ya presha ndogo. Imepimwa kwa springi ya asili, na hilo ndilo jambo kubwa: kazi ya shokapu ni kuituliza springi, sasa ukiweka shokapu ngumu juu ya springi laini, au kinyume chake, umenunua ugomvi. Kwa anayekwenda kazini kila siku na kukutana na matuta yasiyo na alama, hii ndiyo. Kasoro yake ni kwamba feki ni nyingi. Namba iliyogongwa kwenye mwili wa shokapu ilingane na ya boksi, na zote mbili zilingane na katalogi ya KYB kwa gari lako. Muuzaji akikataa usifungue boksi, ondoka.

Ya pili ni Bilstein B6, ya Wajerumani. Hii ina mrija mmoja, gesi ya presha kubwa ikitengwa na oili kwa pistoni inayoelea, hivyo oili haitoki povu hata ukipiga barabara mbovu saa nzima. Kwenye kona za Kitonga gari linakaa chini kwelikweli. Mjini, mwendo mdogo, utahisi kila kijiwe, na bei yake inauma. Angalia usiuziwe B8 badala yake. B8 ni fupi, imetengenezwa kwa springi za kushusha gari, na watu wengi wameichukua bila kujua.

Shokapu ya njano ya kampuni ya Koni ni nzuri na inarekebishika, ila kwa baadhi ya gari hizi ya mbele huja kama utumbo tu: inabidi ukate mwili wa shokapu yako ya zamani uiingize humo. Kwa kazi ya nyumbani naiacha.

Ya tatu itawashangaza wengine: shokapu na springi za Forester. Zinaingia kwenye Impreza, gari linapanda, na anayeishi mwisho wa barabara ya vumbi anaacha kukwangua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Gari litalala zaidi kwenye kona na pembe za tairi zitabadilika, kwa hiyo ukipenda kukimbia hii si yako. Ila chukua shokapu pamoja na springi zake.

Ya nne ni mtumba wa Japani, hasa zile za STI, Impreza ya michezo zaidi, ambazo zimepinduliwa, yaani mwili wa shokapu uko juu na mkono wake chini. Niliwahi kununua jozi ya mbele ya mtumba kwa sababu rangi ilikuwa inang'aa, na mwezi wa pili zilikuwa zinavuja. Tangu siku hiyo nazipima dukani. Simamisha shokapu, kandamiza mkono wa chuma hadi chini, uachie. Ya gesi lazima irudi juu yenyewe, taratibu, bila kukwama. Pitisha kucha kwenye kromu, ule mkono unaong'aa; ukihisi kishimo kimoja tu, hicho kitakata sili. Za STI zikikauka grisi ndani hugonga, kwa hiyo ulizia kama zimeshafunguliwa.

Ya mwisho ni seti za kurekebisha urefu, ambazo vijana huzitumia kushusha gari, kama Tein Flex Z yenye ngazi 16 za ugumu au BC Racing BR yenye ngazi 30. Si bidhaa mbovu. Barabara zetu ndizo zisizozifaa. Vijana wanasema wanataka gari kama la rali, lakini Impreza aliyoshinda nayo Colin McRae Safari Rally mwaka 1997 ilikuwa imenyanyuliwa, na springi zake zilikuwa na nafasi ya kutembea. Tunaishusha gari kwa jina la rali iliyoshindwa na gari refu.

Bakiza hela ya mpira wa juu unaoshika shokapu kwenye bodi, bampa ya ndani (kile kizuizi cha mpira kwenye mkono wa shokapu) na kava la vumbi. Kuweka shokapu mpya chini ya mpira uliochoka ni kulipia kelele ile ile mara mbili.

Ukiwa nyumbani, weka gari juu ya stendi, kamwe si jeki peke yake. Nati tatu za juu zinafunguka kwa namba 12. Ile ya katikati usiiguse hata kidogo kabla springi haijabanwa na vibano viwili imara vinavyotazamana. Springi ikiruka inavunja mfupa. Kama hauna vibano vya kuaminika, toa shokapu na springi yake, mpelekee fundi akubadilishie hapo. Usishike kromu kwa koleo. Kabla ya kufunga Excel-G, isimamishe uipampu mara tano sita kutoa hewa.

Bolti ya juu ya mbele inayoshika nako, kile chuma kinachobeba kitovu cha tairi, ndiyo inayopanga pembe ya tairi. Ichore alama kwa chokaa kabla hujailegeza, uirudishe pale pale, kisha peleka gari alaimenti siku inayofuata.