Utabiri wa masika wa ICPAC, naupa nyota 4 kati ya 5

Jamani kama unaanika mukene (dagaa wa ziwani) au unalima hapa Uganda usiuache huu utabiri wa mvua wa Machi mpaka Mei wa ICPAC, kile kituo cha hali ya hewa cha Afrika Mashariki, ni bure na unatoka mapema, unafungua ramani kwenye simu unaona nchi 11 za ukanda wetu zimepakwa rangi, wapi mvua inaweza kuzidi kawaida na wapi inaweza kupungua. Mimi naufuata nikiwa Masese, Jinja.

Ila muelewe, hiyo ni asilimia ya uwezekano kwa msimu mzima, haikwambii Jumanne saa tisa radi inapiga wapi. Na ngurumo za huku hazichoki! Usiku pepo za nchi kavu zinakutana katikati ya Ziwa Victoria, mawingu yanapanda, wavuvi wanakumbana nayo alfajiri, mchana upepo wa ziwa nao unaamsha mengine huku nchi kavu. Mwezi wa nne nilianika beseni sita, app moja ya simu ikaonyesha jua tupu, kufika saa nane kumekuwa giza, mimi na shemeji tunakimbiza turubai lakini wavu ushalowa, kesho yake samaki laini wananuka, nikawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Iliniuma sana.

Sasa nasoma wa msimu nijue ninunue turubai ngapi na vichanja viinuliwe mapema, halafu Jumatatu nacheki ule wao wa wiki. Nyota moja nimetoa kwa lugha, ni ya kitaalamu mno, mama wa sokoni ataachia njiani.