Teplizumabu: dawa inayochelewesha kisukari bila kukifuta

Dawa nyingi za kisukari huanza kazi baada ya kongosho kuelemewa, lakini teplizumabu, inayouzwa kwa jina la Tzield, hutolewa wakati anayetibiwa bado hajihisi mgonjwa. Iliidhinishwa nchini Marekani Novemba 2022 kwa watu wa miaka 8 na zaidi walio katika hatua ya pili ya kisukari cha aina ya kwanza, yaani wale ambao damu yao imekutwa na angalau aina mbili za kingamwili zinazoashiria kuwa kinga inashambulia kongosho, na ambao sukari yao imekwisha kuanza kuyumba.

Dawa yenyewe ni kingamwili ya maabara inayojishikiza kwenye protini ya CD3 juu ya seli T, yaani chembe za kinga zinazoshambulia kongosho, ambazo nyingi hulegea badala ya kufa. Watetezi wake hupenda kuita matokeo hayo uvumilivu wa kinga, jina ambalo naona limeizidi kimo, kwa sababu mwili uliojifunza kweli kuvumilia kongosho lake usingerudi kulishambulia. Katika utafiti wa watu 76 uliotangazwa mwaka 2019, muda wa kati kabla ya kuugua ulikuwa takriban miezi 48 kwa waliopewa dawa na miezi 24 kwa waliopewa dawa bandia. Ufuatiliaji uliporefushwa, nusu ya waliotibiwa walikuwa wamekwisha kuugua.

Hata hivyo, siidharau miaka hiyo miwili. Kwa mtoto, ni miaka miwili ya kulala bila mzazi kuamka usiku kumpima sukari, na gharama yake kimwili ni dripu ya angalau nusu saa kila siku kwa siku 14 mfululizo, dozi zikianza ndogo na kupanda taratibu. Chembe nyeupe za damu hushuka kwa muda, na vipele na maumivu ya kichwa ni vya kawaida. Chanjo zenye virusi hai hupaswa kutangulia kwa wiki 8.

Kasoro ninayoiona kubwa zaidi haimo ndani ya dawa. Wengi mno wanaopata kisukari hiki hawana ndugu mwenye nacho, hivyo hakuna anayefikiria kuwapima kingamwili mapema, nao hufika hospitalini wakiwa na kiu isiyokatika na hatua ya pili imeshawapita.