Vile vikopo aliviona takataka: uzoefu wangu na matairi ya Denovo

Nilimuuliza swali moja tu: vikopo nilivyokuletea kwenye boksi viko wapi? Kijana wa karakana hakuinua hata uso. Akasema, "Yale makopo? Nilidhani takataka, tuliyatupa zamani." Halafu akaongeza kwamba ningenunua gari la kawaida ningejipunguzia shida. Wateja wawili walikuwa wamekaa pale na kahawa zao, wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama na tairi lililokufa mkononi.

Sitalitaja jina la karakana hiyo. Ipo Midlands, katikati ya Uingereza, ina kibao kikubwa nje, na kwenye simu waliniambia Denovo wanaijua vizuri. Waliniambia mara mbili, maana nilirudia kuuliza.

Kwa ambaye hajawahi kuliona: Denovo ni tairi la kampuni ya Dunlop lililotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, limeundwa liendelee kutembea hata likiishiwa na upepo. Yangu yalikuja na Mini 1275GT, gari dogo la Kiingereza, ya katikati ya miaka hiyo, niliyoinunua kwa mzee mmoja hapa Coventry, miaka kadhaa sasa. Habari za injini na breki mtazipata kwingine. Mimi nataka kusema habari za vikopo.

Tairi la kawaida likipata pancha, linalala, ukuta wake unajikunja na kusagana ndani kwa ndani, mpira unashika moto, na usiposimama unachanika. Denovo ilifikiriwa tangu kwenye rimu. Rimu yake ni nyembamba kuliko uso wa tairi, hivyo upepo ukiisha tairi hujikunja chini yake lenyewe na kukaa, halichomoki. Ndani ya rimu kumefungwa vikopo vya ute mzito. Tairi likilala linavibana, vinapasuka, ute unamwagika. Ute huo unalainisha pale mpira unaposugua mpira, unasaidia kuziba tundu, na ukipata joto unatoa mvuke unaorudisha upepo kidogo. Dunlop walisema utakwenda kilomita 160 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Sasa toa vile vikopo. Kinachobaki ni tairi tu, tena la saizi ambayo huipati dukani.

Mara ya kwanza liliponipata jambo lenyewe nilikuwa natoka harusini Leicester na mjomba wangu, usiku, kwenye barabara kuu ya M69. Usukani ukaanza kuvuta kushoto, pole pole, kama gari linaloomba kulala. Mjomba ameendesha malori Mombasa na Nairobi miaka mingi, akajua kabla yangu.

"Mwanangu, simamisha. Hilo la mbele limekwisha upepo."

"Mjomba, haya matairi yanakwenda hivyo hivyo."

"Yanakwenda wapi bila upepo?"

Nikapunguza mwendo, tukashika njia ya kushoto kabisa, malori yakitupita. Tulikwenda hivyo mpaka nyumbani, kilomita thelathini na kitu, Mjomba kashika mlango muda wote akisoma chini chini. Tulipofika alishuka wa kwanza, akainama, akaliwekea kiganja. Lilikuwa la moto, lakini lilikuwa zima, limekaa pale pale kwenye rimu. Mtu huyu amebadilisha matairi Mtito Andei usiku wa manane, mwenzake akimshikia tochi na macho yote mawili yako porini. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hili tairi lina heshima."

Basi usiku ule mngeniuliza, ningewaambia hakuna tairi duniani kama hili. Na ningesema kweli.

Lakini ute ukishamwagika umeshamwagika. Lazima uweke vikopo vingine, na hapo ndipo mtu anapojua amenunua nini. Nilivitafuta miezi mingi. Niliandikia watu nisiowajua, nikaenda kwenye magulio ya vipuri vya magari ya zamani, mvua, baridi, meza baada ya meza. Mwisho mzee mmoja mstaafu alinipa seti ambayo haijawahi kufungwa, bado imo kwenye boksi lake. Alikataa pesa. Alisema anafurahi bado kuna mtu anayevihitaji. Boksi hilo ndilo nililolipeleka karakana pamoja na tairi, nikaandika juu yake kwa kalamu nene, nikamwonyesha kijana kwa kidole.

Nilipokwenda kuchukua gari nikaambiwa kila kitu kimo ndani. Nikalipa, na bei haikuwa ya pancha ya kawaida. Nikashukuru.

Wiki au miezi ikapita, sikumbuki sawasawa. Ilikuwa baridi imeanza, tuko barabara ya A46 tunaelekea Warwick, binti yangu kalala kiti cha nyuma. Usukani ukavuta kama siku ile. Sikushtuka. Nilimwambia mke wangu kwa kujiamini kabisa, tulia, tutafika. Hatukwenda mbali. Harufu ya mpira unaoungua iliingia ndani ya gari, binti akaamka akikohoa, na gurudumu likaanza kugonga. Nikasimama pembeni, na pembeni pale ni pembamba. Kila lori likipita gari linatikisika. Buti halina tairi la akiba, kwa sababu sifa kubwa ya Denovo ni kwamba hulihitaji. Tulisimama nje nyuma ya vyuma vya barabara zaidi ya saa mbili kusubiri gari la kuvuta, mtoto nimemfunika koti langu.

Fundi mwingine, mtu mzima, ndiye aliyelifungua. Ndani hakukuwa na tone la ute. Kulikuwa na unga mweusi, mpira ulivyojisaga wenyewe, akaumimina mezani kama masizi. Akaniuliza kama nilikuwa najua naendesha bila vikopo. Sikuweza kumjibu. Nikalichukua tairi lile, nikarudi nalo karakana ya kwanza kuuliza lile swali nililoanza nalo.

Sasa hukumu. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema tairi halina kosa, kosa ni la mtu mmoja mvivu na mdomo wake. Nikikumbuka M69 bado nasema hivyo. Lakini nikikumbuka koti langu juu ya mtoto, nashindwa kuishia hapo. Tairi gani hili linalokuokoa barabarani halafu linakukabidhi mikononi mwa fundi aliyefundishwa maalumu, ambaye hayupo tena? Hata wakati lilipokuwa jipya ilibidi ulipeleke kwa wakala wa Denovo, si kwa fundi wa pancha wa mtaani kwako. Na ile rimu ya milimita 310! Tairi la kawaida la inchi 12 lina upungufu wa milimita tano tu, kwa macho huoni tofauti, lakini halifungi na usijaribu kulifunga. Kijana yule alitaka kujaribu, mbele yangu. Kiwango kimoja tu cha kawaida kingewekwa, leo tusingekuwa tunabembeleza maboksi kwenye magulio. Hilo silisamehi.

Na mpira umezeeka, hilo pia lazima niliseme kwa sababu kuna vijana wanaosoma. Denovo haitengenezwi tena. Iliyobaki ina miongo kadhaa. Usimpakie mtu unayempenda juu yake ukaingia barabara kuu, hata ikiwa na vikopo. Mimi nilifanya hivyo, na nilikosea.

Mjomba alikuja wiki iliyofuata na jeki yake mwenyewe. Tumefunga rimu za kawaida za inchi 12 na matairi mapya, na la akiba limelala kwenye buti. Gari limekuwa laini zaidi, nakiri. Kila nikipita barabara kuu ya M6 nikaliona jengo la Fort Dunlop, kiwanda cha zamani cha Dunlop ambacho sasa ni hoteli na ofisi, moyo unanichoma, maana kuna watu walikaa mle wakafikiria mpaka ute wa kumwagika pale mtu anapouhitaji, na walifikiria vizuri.

Yale matatu mazima yako ukumbini kwangu, yamefunikwa shuka. Watu wawili wameshataka kuyanunua, nimekataa. La nne natafuta, na vikopo natafuta zaidi. Mwenye navyo, hata kimoja, hata kama boksi limechanika, tafadhali asivitupe kabla hajaniambia.