Amekalia mbuzi, mbuzi anamla kikoi: seti ya patasi 12 baada ya miezi minne

Nianze na kinyago chenyewe, maana patasi bila kazi ni vyuma tu.

Ni mzee mmoja mnene, kifua wazi, kikoi kimefungwa chini ya kitambi. Amekalia mbuzi ya nazi, ile ya kukunjwa, magoti yamemfika karibu na masikio, na ulimi umemtoka pembeni kama mtoto wa darasa la kwanza anayeandika jina lake. Mikono miwili imeshika nusu ya nazi. Mbele yake kuna jiko la mkaa, sufuria, mwiko, ungo na redio. Nyuma yake amesimama mbuzi, huyu sasa wa miguu minne, anatafuna pindo la kikoi, na mzee hana habari.

Bibi ya wajukuu wangu alipokiona kimekamilika alikizungusha mara moja, akakirudisha mezani. "Huyu si wewe, siku ile nilipokwenda msibani Pangani?" Sikubisha. Siku hiyo nilikuna nazi mpaka kwenye kifuu, tui likatoka la kijivu, wajukuu wakala wali kwa adabu tu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, nipo Tanga, na nilianza kuchonga kwa sababu baraza lilinichosha. Sina karakana. Nina meza moja chini ya mwembe, taa ya kuchaji, na tangu miezi minne iliyopita nina seti ya patasi ndogo 12 ambayo mpwa wangu alininunulia Kariakoo akaituma kwa basi. Shilingi 32,000, na nauli ya mzigo 4,000. Duka silitaji, kwa sababu seti hii hii yenye sanduku la plastiki na mipini ya mbao ya rangi ya chungwa imejaa kila mahali, na wa kulaumiwa si muuzaji mmoja. Muuzaji alimwapia mpwa wangu kwamba ni chuma cha Kijapani. Mpwa akaniambia, "Mjomba, hicho kinakata hata mfupa." Nilipokijaribu kilikuwa hakikati hata ndizi mbivu.

Nasema kweli. Zikitoka sandukuni, patasi zote 12 zilikuwa na makali ya kuonyesha, si ya kukatia. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia unaona mikwaruzo mirefu ya jiwe la kiwandani imefika mpaka ncha, kama barabara ya vumbi iliyopitishwa greda. Chuma kikiwa hivyo hakikati ubao, kinauchana. Nilipopiga mfenesi mara ya kwanza nyuzi zikasimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Nikadhani tatizo ni mimi, nikabadilisha pembe, nikabadilisha mkono. Hapana. Ni makali.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na anayetaka kununua alisikie: bei halisi ya seti hii ni 32,000 pamoja na jioni nne za kunoa. Mimi nilibandika msasa wa maji juu ya kipande cha kioo cha dirisha, namba 400, halafu 800, 1000, mwisho 2000. Unalaza ule mteremko wa patasi juu ya kioo, unatia maji, unavuta kurudi nyuma, husukumi mbele. Patasi bapa ni rahisi. Bobari, yaani zile zenye mdomo wa mviringo, zinataka kuviringishwa kwa kifundo cha mkono huku unavuta, na ukizubaa unazitia pembe mahali pasipotakiwa. Mwisho nilichukua mkanda wangu wa zamani wa kazini, nikaupigilia kwenye ubao, nikaupaka Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, nikasugua kila patasi mara hamsini hivi. Miaka thelathini na kitu nilivaa mkanda ule mbele ya darasa. Sasa ndiyo unafanya kazi ya maana.

Namna ya kujua umefika: kata kichwa cha ubao, yaani kule nyuzi zinakoishia. Makali mabovu yanaacha uso mweupe, mkavu, wenye vumbi. Makali mazuri yanaacha uso unaong'aa kidogo kama umepakwa mafuta. Ukiona ule mng'ao, acha kunoa, anza kazi.

Baada ya kunoa, seti ilikuwa kifaa kingine kabisa. Si yote lakini. Katika 12, nilizotumia kwa kweli ni tatu: bobari ndogo kuliko zote, patasi moja ya V, yaani yenye mdomo kama herufi hiyo, na moja ya mshazari, yenye makali yaliyokatwa kiupande. Bapa tatu zimepishana kwa upana kidogo tu, moja ingetosha. Zile mbili zenye shingo iliyopinda, ambazo kwenye picha ya sanduku ndizo zinazovutia, chuma chake ni laini. Nilipobana kuchimba ndani ya sufuria, shingo ikanyooka taratibu mkononi mwangu. Patasi nyingine ilichomoka kwenye mpini wiki ya pili. Nikaipachika kwa gundi ya epoksi na mpaka leo haijatikisika, lakini gundi ile si ya kiwanda, ni yangu.

Na hakuna kisu humo. Hilo linanishangaza mpaka leo. Kazi ndogo kama vidole, masikio na pua ni kazi ya kisu, na wameweka patasi bapa tatu wakaacha kisu.

Kisu nilikipata hapa hapa Ngamiani kwa mhunzi mmoja ambaye hana kibao wala simu ya maana. Nilimpelekea tupa kuukuu. Aliilainisha motoni, akaifua ikawa nyembamba yenye ncha, akaizamisha kwenye mafuta iwe ngumu, halafu akaisafisha ubavu mmoja mpaka inang'aa na kuipasha tena polepole. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Chuma kile kilichosafishwa kikaanza kubadilika rangi, kikawa manjano hafifu kama majani makavu, na papo hapo akakiondoa akakitia majini. "Mwalimu, ikipita hapo ikawa buluu, kisu chako kitakuwa cha siagi." Akachukua 6,000. Kisu kile kinakaa na makali siku nzima kwenye mfenesi, wakati patasi za seti nazirudisha kwenye mkanda kila baada ya nusu saa.

Sasa turudi kwa mzee wangu, maana ndiye mtihani.

Mwili ni mfenesi, gogo kutoka Muheza. Mbao yake ni ya manjano, inakatika vizuri, na kadiri inavyokaa inageuka hudhurungi, kwa hiyo mzee atazidi kuiva jua bila mimi kumpaka kitu. Gogo nililipaka rangi ya mafuta pande zote mbili za kichwa likakaa kivulini, la sivyo lingepasuka. Umbo la kwanza sikulitoa kwa seti hii, na msijaribu. Nililitoa kwa tezo niliyoazima kwa fundi wa ngalawa. Wachongaji wa vinyago wa Kimakonde huanza hivyo hivyo, tezo kwanza, patasi baadaye, na wenyewe hutoa kila kitu kwenye gogo moja la mpingo, hata ujamaa, ile minara ya watu waliopandana. Mimi ni mwanafunzi, nimebandika kwa gundi. Mtindo wao wanaouita binadamu, wa watu wakiwa katika shughuli zao za kila siku, ndio ulionitia hamu. Na George Lilanga, mchoraji na mchongaji wetu aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2005, alinifundisha kwa macho tu kwamba mtu akiwa na masikio makubwa na tumbo mbele huna haja ya kueleza utani.

Vipimo nilifanya kama mwalimu: kila sentimita 6 za kweli ziwe 1. Jiko likawa sentimita 4, nazi 2, mbuzi ya nazi 8. Hapo ndipo patasi ya V ilipolipa sehemu kubwa ya ile 32,000. Ungo wa sentimita 7 una mistari ya msuko inayopishana, na kila mstari ni pito moja la V, jepesi, bila nyundo, unasukuma kwa kiganja huku kidole cha mkono wa pili kikiwa breki. Nilichora penseli kwanza. Mistari 46. Niliharibu miwili tu, nayo ukiijua iko chini ya mwiko.

Mbuzi ilinichukua siku tisa. Mbuzi ya kweli ni vibao viwili vinavyopishana na kukunjika, na mimi nilitaka yangu nayo ikunjike, kwa ubishi tu, kwa kuwa mzee akishabandikwa juu yake hakuna atakayeikunja. Tundu la katikati nililitoboa kwa keekee ya mkono, nikapitisha kijiti cha mishikaki kama ekseli. Ulimi wa chuma niliukata kwa mkasi kutoka kopo la nyanya, nikauchonga meno kwa tupa nyembamba, meno kumi na moja. Ile patasi ya mshazari ndiyo iliyosafisha pembe za pale vibao vinapoingiliana, na hapo sina malalamiko nayo hata moja.

Redio na jiko ni mpingo, vipande vilivyobaki kwa mchongaji mmoja wa Mwenge. Mjukuu wangu alitumbukiza kipande cha mpingo kwenye beseni kikazama kama jiwe, cha mfenesi kikaelea, akanitazama kana kwamba nimefanya mazingaombwe. Uzito ule ule ndio uliomaliza patasi. V iliyopita kwenye ungo mara 46 bila kulalamika ilipasuka ncha kwenye mstari wa tatu wa spika ya redio. Kipande kidogo kuliko punje ya chumvi, lakini kuanzia hapo kila mstari ulikuwa na ukwaruzo katikati. Mistari iliyobaki niliichora kwa kona ya tupa. Kama unataka kuchonga mpingo, seti hii usiinunue kabisa. Hata ukiongeza unene wa makali kwa kunoa mteremko mkali zaidi, nilijaribu, inachelewesha tu.

Niseme na ajali. Kidole gumba cha kushoto kina alama ya nyuzi tatu. Nilishika mbuzi wa miguu minne mkononi nikisukuma bobari kuelekea kiganja, kosa ambalo ningemchapa mwanafunzi. Kumbe patasi yenye makali mabaya ndiyo inayokata mtu, kwa kuwa unaongeza nguvu, halafu inaachia ghafla. Siku hiyo nilikuwa nimevivia mkanda. Sasa kitu chochote kidogo nakibana kwenye kipande cha ubao kwa skrubu kutoka chini, na mkono wa kushoto umevaa glavu ya ngozi.

Kumalizia nilisugua nta ya nyuki kwa kitambaa kwenye mfenesi, na kwenye mpingo polishi nyeusi ya viatu, kama wafanyavyo wachongaji wengi. Makaa ndani ya jiko nilitia tone la rangi ya kucha, nyekundu, ya mjukuu mkubwa. Aliniomba shilingi mia tano kwa tone lile.

Nyota? Tatu kati ya tano, kwa mtu anayeanza, mwenye subira, na anayechonga mfenesi, mkangazi au mbao nyingine za kiasi. Nyota moja kama huna mpango wa kunoa. Ungeniuliza kabla, ningekwambia tafuta anayeuza patasi mojamoja, chukua bobari ndogo, V na mshazari, na hela inayobaki mpelekee mhunzi.

Mpwa wangu alipiga simu juzi. "Shikamoo mjomba. Nimeona seti ya 24, sanduku la mbao kabisa, nikuletee?"

"Marahaba. Niletee tupa kuukuu mbili."