Mgahawa wa Sokomatola: chai, bajia na siasa za Maharashtra

Kama upo Mbeya na umewahi kuishi India, nenda kwenye mgahawa ule mdogo wa Sokomatola wenye mlango wa bluu na benchi nje. Mimi nilisomea ufamasia Pune, mji wa jimbo la Maharashtra, miaka minne, na tangu nirudi sijapata sehemu nyingine hapa mjini yenye televisheni inayokamata chaneli za kule, na mtu wa kukufafanulia siasa zake.

Chai ya maziwa na tangawizi ni shilingi 1,000, inachemshwa sufuriani mpaka inapanda. Bajia za dengu kula asubuhi. Kufika saa tano zimepoa na kunyonya mafuta. Wakikuletea hizo, zirudishe. Biriani ya Ijumaa sijawahi kuikuta baada ya saa saba mchana.

Kinachonipeleka hasa ni mzee mwenye mgahawa. Jumanne tarehe 4 Juni 2024 nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, khanga juu ya sweta, baridi ya Juni mnaijua. Kule India kura za uchaguzi mkuu zilikuwa zinahesabiwa tangu saa nzima nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Kaa, leo tunaangalia Baramati, jimbo la uchaguzi la akina Pawar."

Akachukua kitabu cha bili, akanichorea alama nne za vyama nyuma ya karatasi. Shiv Sena, chama cha Maharashtra, ilipasuka 2022: Eknath Shinde akamng'oa Uddhav Thackeray kwenye serikali ya jimbo, kisha Tume ya Uchaguzi ikampa Shinde jina la chama na alama yake ya upinde na mshale. Thackeray akabaki na mwenge. Mwaka 2023 Ajit Pawar akamkimbia baba yake mdogo, Sharad Pawar, akaondoka na chama chao cha NCP na alama yake ya saa. Sharad akapewa alama ya mtu anayepuliza tutari, tarumbeta ndefu ya kienyeji.

Uchaguzi ule wa taifa ndio ulikuwa wa kwanza mkubwa kuwauliza wananchi chama ni cha nani. Katika viti 48 vya Maharashtra, muungano wa Thackeray, Sharad Pawar na chama cha Congress ulipata 30. BJP, chama tawala cha India na mshirika wa Shinde na Ajit, ilishuka kutoka 23 hadi 9, na Ajit akaambulia kimoja. Baramati walishindana mawifi: Sunetra, mke wa Ajit, na Supriya Sule, binti wa Sharad. Supriya akashinda. Kule Satara upande wa Sharad ulikosa kiti kwa kura kama 32,000, huku mgombea binafsi mwenye alama ya tarumbeta tupu, rahisi kuchanganywa na ya Sharad, akizoa kama 37,000. Mzee alipiga meza mpaka chai yangu ikamwagika. Aliniletea nyingine bure.

Nilitoka pale nikiamini Shinde na Ajit wamekwisha. Nilikosea. Kipigo kile kiliishtua serikali yao ya jimbo pamoja na BJP, na ndani ya wiki chache ikatangaza mpango wa Ladki Bahin, rupia 1,500 kila mwezi kwa wanawake. Mama mwenye nyumba wangu wa Pune aliniandikia akifurahi kwamba zake zimeingia. Novemba 23 mwaka uleule, kwenye viti 288 vya bunge la jimbo, BJP ilipata 132, Shinde 57, Ajit 41. Thackeray 20, Congress 16, Sharad 10. Miezi mitano tu! Shinde naye akampisha Devendra Fadnavis wa BJP kwenye uwaziri kiongozi, yaani ukuu wa serikali ya jimbo, akawa naibu. Hilo la mwisho ndilo naliona zito kuliko yote: waliochukua vyama vya wenzao waliishia chini ya mshirika wao.

Kasoro moja inaniuma. Jumamosi ile ya Novemba, mhudumu alihamisha chaneli akaweka mpira, matokeo yakiwa katikati, kwa sababu mzee alikuwa ameenda kuswali adhuhuri. Niliomba kwa upole, nikasubiri karibu nusu saa.

Malipo ni taslimu au kwa simu. Siku ya matokeo wahi, meza zinazoiona televisheni vizuri ni mbili tu.